Siku za Mwezi na Hali ya Moyo wa Mwanamke
(Maneno ya Kamati ya Akina Mama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twaomba radhi kwanza, maana jambo tulilolileta huzungumzwa faraghani, nalo ni hedhi. Twalileta hapa kwa kuwa mwaka huu nusura litupotezee mwenzetu.

Mwenzetu huyo, mshika daftari la michango, alileta barua ya kujiuzulu mara mbili, na kila mara akaja kuiomba baada ya siku chache. Tulimwita kigeugeu. Alipoleta ya tatu, wengi wetu tulitaka kuikubali. Mkunga mmoja miongoni mwetu ndiye aliyemshauri kutia alama katika kalenda kila siku: siku ya damu, siku ya kukosa usingizi, siku ya machozi. Baada ya miezi miwili jambo likawa wazi. Huzuni na hasira zilimshukia yapata siku kumi kabla ya hedhi, zikamwondokea damu ilipoanza.

Huo si ulegevu wa tabia, wala si uchawi. Yai likishatoka, kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi, homoni iitwayo projesteroni huongezeka mwilini. Kisha hiyo pamoja na estrojeni hushuka. Wanawake wengi huona uchovu na maumivu kidogo tu. Wachache, ijapokuwa homoni zao ni za kiasi cha kawaida, ubongo wao huyapokea mabadiliko hayo kwa ukali mno. Madaktari Raymond Greene na Katharina Dalton waliandika habari hizi Uingereza mwaka 1953. Na orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyopitishwa mwaka 2019 inautaja ugonjwa huo katika hali yake kali.

Matibabu yapo. Daktari huitazama kalenda hiyo, na huweza kutoa dawa za sonona, ambazo wengine huzimeza siku zile za taabu tu. Lakini mwenye kuwaza kujiua asingoje kalenda. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Nanyi akina baba, msiligeuze jambo hili kuwa fimbo. Mke akidai fedha za chakula, asijibiwe kwamba yumo katika siku zake. Fedha za chakula hudaiwa tarehe yoyote.

Barua ile ya tatu hatukuipokea. Mwenzetu yu katika matibabu, ametupa ruhusa kusema haya, na hesabu mtakazosomewa sasa hivi ni za mkono wake.