Risasi Katika Chaza na Samaki

Leo tunazungumzia madini ya risasi, yale ya betri za magari na chubwi za nyavu. Mvua huyasomba kutoka majalalani na kwenye karakana hadi baharini, yakatulia kwenye tope la mikoko. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji, na risasi hubaki miilini mwao. Kwa samaki, nyingi hukaa kwenye mifupa, matamvua na maini. Kwenye mnofu huwa kidogo. Kiwango cha juu cha kimataifa ni miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki.

Kuchemsha hakuondoi risasi, wala ndimu. Na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Samaki tusiwaache, ni chakula bora. Ila chaza wa karibu na mitaro ya maji machafu, tafadhali, msiwaokote. Toeni matumbo na matamvua ya samaki. Nanyi wavuvi mnaoyeyusha betri kuukuu mpate chubwi, nawasihi muache: moshi wake ni sumu, na watoto wanauvuta.