Kwato kwenye kingo za Ruaha

Msikilizaji, mwezi wa Oktoba, kule bonde la Usangu nchini Tanzania, simama pale ng'ombe wanaposhukia kijitoni kunywa. Nyasi hakuna. Udongo umekanyagwa hadi umekuwa mgumu kama sakafu, na ukingoni kila ukwato unamega bonge linaloangukia majini. Mvua ikinyesha, maji hayazami ardhini. Yanateremka na tope. Kijito kinatanuka, kina kinapungua, na jua linamalizia kilichobaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, lakini kama hana pengine pa kunywa, ng'ombe mwenye kiu atafika mtoni tu. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, huko huko Usangu, pamoja na mifugo yao, na bado mto Ruaha Mkuu uliendelea kukauka kiangazi, maana mifereji ya mashamba ya mpunga nayo inavuta maji. Kumtwisha mfugaji peke yake mzigo huu si haki. Achimbiwe lambo mbali na mto, awekewe birika la kunyweshea, kisha ukingo upumzishwe. Matete yakirudi, mizizi yake ndiyo itakayoshika udongo.