Kinywa ni Mlango wa Mwili
Maneno ya hotuba kwa wazazi wa watoto wa shule



Watu wengi huyahesabu meno kuwa vyombo vya kutafunia tu, na mtu humwendea mganga wa meno siku ile aliyokesha usiku kucha ameshika shavu. Siku hiyo dawa iliyobaki mara nyingi ni koleo. Hotuba hii yahusu mambo yanayotangulia koleo.

Kinywani mwa kila mtu, mzima na mgonjwa, mna vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo hugandamana na meno vikafanya utando, na utando usiposuguliwa huwa mgumu, ndio ukoga. Mtu alapo sukari, vidudu nao huila, kisha hutoa maji makali yaitwayo asidi, yenye kuyeyusha gamba la jino. Mate hulitengeneza gamba hilo tena, lakini yahitaji muda. Hapa ndipo wengi wakoseapo hesabu. Anywaye vikombe viwili vya chai yenye sukari pamoja na chakula chake, kisha akaacha, hudhurika kidogo kuliko yule aonjaye kikombe kimoja tangu asubuhi hata adhuhuri. Na mtoto alazwaye na chupa ya maziwa yenye sukari hulala huku meno yakiliwa, kwa maana mate hupungua usingizini.

Kuna jino moja linalostahili kutajwa peke yake. Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, magego manne huota nyuma ya meno yake 20 ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuyapisha, wazazi hudhani ni ya utotoni pia, wakasema, "Liache lioze, litaota jingine." Halitaota jingine. Gego hilo ni la maisha.

Na kuna desturi ambayo imewaumiza watoto wachanga katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mtoto akishikwa na homa na kuhara, mkubwa wa nyumba huitazama fizi yake, akaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, akasema ni jino baya, nalo huchokolewa kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Uvimbe ule si ugonjwa. Ni chipukizi la jino lake la haki. Mtoto hutokwa na damu, chombo kichafu humtia sumu mwilini, na kule kuhara kwenyewe hakukutibiwa. Wako waliokufa hivyo. Mtoto anayehara anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo cha hospitali, na kunyonya bila kukatizwa. Mama mkwe aliyeagiza kisu hakutaka kumwua mjukuu wake. Basi aelezwe kwa heshima, lakini aelezwe.

Ugonjwa wa kinywa haukai kinywani. Fizi zinazotoka damu ni mlango ulio wazi, na vidudu hupita humo vikaingia katika mishipa ya damu. Mtu ambaye vilango vya moyo wake viliharibiwa zamani na homa ya baridi yabisi aweza kupata ugonjwa wa moyo wa hatari kwa njia hiyo. Mwenye kisukari naye yumo katika mzunguko mbaya: sukari nyingi katika damu huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kutawaliwa. Tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, huharibu fizi na huleta saratani ya kinywa.

Kusafisha si kazi ya matajiri. Kijiti cha mti wa mswaki, uotao katika nchi kavu kama Turkana na Baringo, kikitafunwa ncha na kutumiwa kwa bidii husugua vizuri, mradi kifike pande za ndani na nyuma ya magego. Wenye uwezo waongeze dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, usiku usisahauliwe. Ila sehemu za Nakuru na Naivasha maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiasi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha hakuiondoi. Huko maji ya mvua ni bora kwa watoto wadogo.

Mwisho, mtu akiona uvimbe umeshuka kutoka jinoni hata chini ya taya, na kumeza kumekuwa kugumu, aende hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku. Uvimbe huo waweza kuziba pumzi kabla ya mapambazuko.