TUTUNZE MABWAWA YA MAJI MACHAFU
(Hotuba kwa wanachama wa Ngoliba)

Ndugu wanachama,

Leo sitasema habari za mishahara. Nitasema habari za maji machafu, maana sisi wa Ngoliba tuko chini, na aliye chini hutumia maji aliyoyaacha wa juu. Mabwawa makubwa ya Ruai husafisha maji ya vyoo ya mji wa Nairobi, kisha huyamwaga katika Mto Nairobi. Mto huo huingia Mto Athi, na Athi ndio uangukao hapa jirani, Fourteen Falls. Mabwawa yakiharibika, hasara ni yetu.

Wengine husema dawa ni mashine mpya. Lakini katika mabwawa, wafanyao kazi ni vijidudu na jua. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, taka hutuama na kuoza. Katika la pili mwani hutoa hewa safi ya kulisha vijidudu. Katika la mwisho jua huua viini vya magonjwa. Ila tope likifika theluthi ya bwawa la kwanza, sharti liondolewe. Lisipoondolewa, maji hupita mbio, nayo hutoka machafu kama yalivyoingia. Tena matambara na plastiki ziondolewe kila siku kwenye vyuma vya kuchujia, na nyasi za kingoni zikatwe, zisizae mbu.

Kazi hizo zafanywa na mikono ya mfanyakazi. Basi apewe buti, glavu na mafundisho. Na asiingie shimo la maji machafu kabla hewa haijapimwa, bila kamba, wala bila mwenzake wa kungoja juu. Humo mna hewa ya sumu inukayo kama yai bovu. Ikizidi, pua haisikii tena harufu, na mtu huanguka ghafla. Amfuataye kumwokoa bila vyombo huanguka naye.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aonaye hatari kubwa aitoe habari, wala asirudishwe kazini pale mpaka irekebishwe. Ndugu, tusiione haya kuitumia. Anayemlinda mtu wa shimoni Ruai amlinda pia mama achotaye maji Ngoliba.

Umoja ni nguvu.