Rangi Mpya, Fremu ya Zamani

MAZUNGUMZO YA FUNDI
[Kengele ya baiskeli, mara mbili. Sauti ya msasa ukisugua chuma. Inashuka polepole mzungumzaji anapoanza.]

Mlio kwenye foleni ya maji, mlio sokoni, na wewe uliyeweka redio dirishani ili jirani naye asikie, karibuni nyote.

Leo nazungumza juu ya baiskeli. Wengine tulizoea kuiita kinga, wengine igare, kulingana na tulikotoka. Nakusudia hasa ile baiskeli nzito ya zamani, fremu ya chuma: Raleigh iliyoundwa Nottingham kule Uingereza, Hero ya Ludhiana kule India, Phoenix ya Shanghai. Kambini hizi ndizo zinazobeba maji, kuni, magunia ya unga na abiria. Nyingi zina umri kuliko vijana wanaoziendesha. Rangi imekwisha, kutu imeanza, na mwenyewe anakuja kwa fundi akisema: "Nipakie rangi, ifanane na mpya."

Nitaanza na kosa langu.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja anayebeba abiria aliniletea fremu yake. Nilipoisugua niliona mstari mwembamba, kama unywele, chini ya shingo, pale bomba linaloteremka kuelekea kwenye pedeli linapoungana na bomba fupi la mbele. Nikajiambia ni mkwaruzo tu. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshanilipa nusu, na mimi nilishaitumia ile nusu. Nikapaka rangi ya bluu, tabaka tatu, ikang'aa. Watu walipita wakiisifu.

Wiki ya tatu fremu ikakatika kwenye mteremko. Nyuma yake, kwenye keria, alikaa mama mwenye mtoto mgongoni. Kijana akapoteza meno mawili. Mama akachubuka mikono na magoti. Mtoto, namshukuru Mungu, hakuumia. Kijana alikuja kwangu na vipande viwili vya fremu begani. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Fundi, uliiona?"

Niliiona.

[Msasa unasikika tena kwa sekunde tatu, kisha kimya.]

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa kopo la rangi, natazama. Natazama kwanza rangi ya zamani ikiwa bado ipo, maana nayo inasema. Rangi iliyopasuka kwa mstari mmoja ulionyooka karibu na kiungo, au iliyojikunja kama ngozi ya kiwiko chini ya shingo, inaonyesha kwamba chuma chenyewe kimepinda au kimefunguka. Kutu inayotoka kama chozi kwenye kiungo ni dalili nyingine. Halafu navua kila kitu: magurudumu, uma, siti, cheni, pedeli na gololi zake, hadi fremu ibaki tupu.

Baada ya kusugua hadi chuma kionekane, nafanya jaribio la chaki. Halina gharama. Pakaza mafuta ya taa kwenye viungo vyote, mbali na moto na mbali na mwenye sigara. Acha kama robo saa ili yapenye. Futa kwa kitambaa mpaka pawe pakavu kabisa, kisha paka unga wa chaki nyeupe, ile ya darasani. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia shingoni, kwenye kikombe cha chuma kinachobeba ekseli ya pedeli, chini ya siti, na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu. Kwa baiskeli za mizigo, angalia pia mahali keria inapofungwa.

Ukiona mstari, usipake. Uma wenye ufa haukarabatiwi, unabadilishwa. Ufa wa shingoni, mimi fremu hiyo siirudishi tena kwenye kazi ya abiria, hata mwenyewe akilia. Ufa wa nyuma unaweza kuchomelewa, lakini na mtu anayejua mabomba membamba. Fremu hizi za zamani ziliunganishwa kwa soketi na shaba iliyoyeyushwa kwa moto wa gesi. Mchomeleaji wa mageti akija na moto wake mkali wa umeme, mara nyingi anatoboa bomba.

Sasa kusugua kwenyewe. Wapo wanaoweka fremu juu ya moto wa mkaa ili rangi iungue. Acheni hilo. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na moshi wake na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo: inaharibu ubongo bila mtoto kuonyesha homa wala jeraha. Tumia msasa wa maji. Lowesha, sugua, lowesha tena, ili vumbi lisiruke. Fanyia kazi mbali na jiko na mbali na mahali watoto wanapochezea, jifunge kitambaa puani, fukia matope yake mbali na kisima, na unawe kabla ya kula. Nguo za kazi zisifuliwe beseni moja na nguo za mtoto.

Anza na msasa wa 80 penye kutu nene, nenda 120, malizia na 240. Penye kutu iliyotoboa chuma kama kichungi, msasa hautasaidia. Fremu hiyo imekwisha. Chungulia ndani pia, kwa tochi ya simu. Maji ya mvua huingia kwenye tundu la siti, yanateremka hadi kwenye kikombe cha pedeli na kukaa humo miaka. Nimewahi kufungua fremu iliyopendeza kwa nje, nikatoa kijiko kizima cha kutu.

Chuma kikishakuwa safi, usikishike tena kwa mkono mtupu. Jasho linatosha kuanzisha kutu mpya. Futa kwa kitambaa chenye thina, subiri kikauke, paka siku hiyo hiyo rangi nyekundu ya kuzuia kutu, tabaka mbili nyembamba. Juu yake rangi ya mafuta, tabaka mbili nyembamba pia, moja leo, nyingine kesho. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi chini, kisha hubanduka kama ganda la kiazi. Msimu wa mvua, ngoja siku kavu. Na kabla ya yote hayo ziba nyuzi za skrubu kwa matambara, la sivyo utashinda siku nzima ukilazimisha kikombe cha pedeli kurudi mahali pake.

Sasa lile swali ambalo vijana wananiuliza sana: rangi ya unga. Wameiona mjini kwenye madirisha ya alumini na vitanda vya chuma, ngumu, laini, haina alama ya brashi. Haina maji wala thina. Ni unga mkavu. Bunduki ya kupulizia inaupa unga chaji ya umeme, fremu inaunganishwa na waya wa ardhini, na unga unang'ang'ania chuma pande zote. Kisha fremu inaingia kwenye tanuri la joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, unga unayeyuka na kuwa ngozi moja yenye unene wa unywele. Joto hilo haliyeyushi shaba ya kwenye viungo, maana shaba inataka joto zaidi ya mara nne ya hapo. Lakini litaharibu plastiki, mpira na grisi, na ile bodi fila mnayozibia mabonde itapasuka. Kwa hiyo fremu iende tupu kabisa.

Je, tanuri la mkate linafaa? Hapana, ndugu zangu, nimeulizwa hilo mara mbili na watu wenye akili zao. Huwezi kujua joto lake kwa hakika, na mvuke wa rangi hautakiwi mahali panapookwa chakula.

Mimi, kwa baiskeli ya kazi, bado nachagua rangi ya mafuta. Rangi ya unga ni imara kweli, ila ikigongwa na jiwe hadi chuma, maji yanaingia chini yake na kutu inatembea humo kimyakimya, na huwezi kuiziba vizuri kwa brashi. Rangi ya mafuta, ukiona mkwaruzo Jumapili, unaugusa Jumapili. Lakini kama kambi yenu iko karibu na mji wenye karakana hiyo, na mnaweza kuchanga mkapeleka fremu tano au sita kwa safari moja, si jambo baya. Mwambieni fundi azibe nyuzi za skrubu, asipulize mchanga kwa nguvu kwenye mabomba membamba, na aifunike namba.

Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha baiskeli. Imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya kikombe cha pedeli au karibu na siti. Usiisugue ikapotea, usiizibe kwa rangi nene. Iandike kwenye karatasi pamoja na jina la aliyekuuzia, na shahidi mmoja atie sahihi. Baiskeli iliyobadilishwa rangi na isiyo na namba, ukisimamishwa nayo njiani, utaelezaje? Nikiletewa fremu ambayo namba yake imepigwa tupa, siipokei. Wateja wawili wamenikasirikia kwa hilo.

Nimalizie na stika, maana ndizo zinazoifanya baiskeli irudishe sura yake. Kabla hujasugua, weka plastiki angavu juu ya maandishi ya zamani na uyafuatishe kwa kalamu, pima na umbali kutoka kwenye kiungo. Wale wanaochapa stika za pikipiki mjini wanaweza kukutolea kwa kipimo hicho. Usizibandike kabla rangi haijakauka hadi ndani. Mpe kama wiki, la sivyo zitavimba mapovu. Lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, teleza stika hadi ikae sawa, kisha sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Ukitaka vanishi juu yake, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana nyingine hufuta wino.

Ile nembo ya chuma ya Raleigh yenye kichwa cha korongo, ikiwa bado iko shingoni, itunze. Na usibandike jina la Raleigh kwenye fremu isiyo Raleigh ili upandishe bei. Mnunuzi atapakia juu yake uzito anaoamini fremu hiyo inaweza kubeba.

Yule kijana nilimtafutia fremu nyingine, nikaifanyia kazi bila malipo. Alisimama pembeni wakati wa jaribio la chaki, akainama na kukagua kila kiungo mwenyewe kwa tochi ya simu yake. Akachagua bluu ileile. Leo wateja wangu wote wanakagua hivyo kabla sijafungua kopo, na asiye na tochi nampa yangu.

[Kengele ya baiskeli, mara moja. Mwisho wa mazungumzo.]