Wageni Walimao Chakula Chetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kipili)



Nimepewa nafasi ninene nanyi habari za wageni wakulima. Hapa Kipili twavua migebuka na dagaa. Lakini kitoweo bila ugali hakishibishi, na ugali hautoki ziwani.

Tazameni upande wa Mpanda. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na Serikali ikawapa pori la Katumba. Mwaka 1978 likafunguliwa na la Mishamo. Yalikuwa mapori ya mbung'o na nyama wakali. Wakafyeka, wakapanda mahindi, maharagwe na mihogo, hata msaada wa chakula ukakoma na ziada yao ikauzwa sokoni. Tena mtu huyo aliyelisha wenyeji hakuruhusiwa kutoka makazini pasipo cheti, na wenzetu makarani ndio walioviandika! Uraia walipewa mwaka 2014, watu zaidi ya 160,000 pamoja na wa Ulyankulu.

Wako na Wasukuma walioshuka bonde la Rukwa na ng'ombe na majembe ya kukokotwa. Wasemao kwamba hukata misitu hawasemi uongo. Ila mpunga wao twaununua.

Lakini anisikitishaye zaidi ni kibarua mgeni asiye na shamba. Hulima kwa ahadi ya mdomo, na siku ya mavuno hana shahidi. Basi naomba kila mwanachama aombwaye na mtu wa namna hii amwandikie mapatano kabla jembe halijaingia ardhini: jina la mwenye shamba, ukubwa wa kazi, na ujira, kama ni fedha au debe. Ada asitozwe. Karatasi nitatoa mimi.