Fungua Kinywa Chako kwa Ajili ya Mnyonge: Tumkumbuke Avoka Willie Kimani

Masomo: Mezali 31:8-9, 1 Yoane 2:1



Katika Mezali 31, mama anamfundisha mwanawe aliye mfalme. Anamwambia afungue kinywa kwa ajili ya wasioweza kujisemea, na awatetee maskini na wahitaji. Leo tunamkumbuka mtu aliyelitii neno hilo mpaka kufa: avoka Willie Kimani wa Kenya.

Alikuwa na miaka 32, mume na baba wa watoto wawili. Alitumika katika shirika la Kikristo liitwalo International Justice Mission, linalowatetea maskini bila kuwalipisha. Mmoja wa aliowatetea ni Josephat Mwendwa, kijana wa pikipiki, motari kama hawa wetu. Mwaka 2015 polisi alimpiga risasi, kisha Mwendwa mwenyewe ndiye akapelekwa mbele ya tribinali kama mkosaji. Nani angemsimamia motari juu ya mtu mwenye bunduki? Kimani alikubali.

Tarehe 23 Juni 2016 walitoka kwenye tribinali ya Mavoko, karibu na Nairobi, watu watatu ndani ya taksi: Kimani, Mwendwa, na shofere wao Joseph Muiruri. Walikamatwa njiani, wakafungiwa katika kituo kidogo cha polisi. Humo Kimani aliandika kikaratasi, akakitupa nje, akiomba mke wake apigiwe simu na kuambiwa kwamba wako hatarini. Yapata wiki moja baadaye, miili yao yote mitatu iliopolewa mtoni.

Wababa, tukitazame kikaratasi kile. Mtu aliyebakiwa na nafasi ya maneno machache tu alielekeza habari zake kwa mke wake. Kuna baba anayesifiwa mjini kwa wema, lakini nyumbani watoto wakisikia sauti yake wanakimbia. Kuna mwingine anayependa wa nyumba yake tu, na jirani akilia yeye anafunga mlango. Mungu anatutaka tupende pande zote mbili.

Tumtazame na Muiruri. Kesi haikuwa yake. Alikuwa akitafuta chakula cha siku kwa usukani wake. Mbele za Mungu damu ya shofere na ya motari ina bei moja na damu ya avoka.

Mavoka wa Kenya hawakunyamaza. Waligoma kazi, wakaandamana, wakadai haki. Kesi ilichukua miaka mingi, kama ile ya mjane wa Luka 18 aliyerudi kwa mwamuzi bila kuchoka. Mwezi wa Julai 2022, tribinali kuu ya Nairobi iliwakuta na hatia polisi watatu na raia mmoja aliyewapasha habari. Februari 2023 wakahukumiwa: mmoja kifo, wengine kifungo cha miaka 20 mpaka 30. Hukumu hiyo haikurudisha baba nyumbani. Kwa hiyo tusiende kwa wafiwa wa namna hii na kuwaambia upesi kwamba Mungu amependa. Mungu hapendi damu ya asiye na kosa imwagwe. Tukae nao, tulie nao.

Na sisi hapa Kibombo? Ndugu akikamatwa, tunasema, "Tumwombee," kisha kila mtu anarudi kwake. Kuomba ni vizuri, lakini tuombe huku tukienda. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawana ruhusa ya kushika mtu kupita saa 48. Muda huo ukiisha, wamwachilie ao wampeleke kwa wakubwa wa sheria. Tena ana haki ya kuzungumza mara moja na jamaa yake ao avoka wake. Basi twende watu wawili ao watatu, kwa heshima, bila matusi, tuulize amekosa nini na ameingia saa ngapi. Vilevile mjane akifukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu, wazee wa kanisa wasimame pamoja naye siku ile ile, wasingoje vyombo vyake vitupwe nje.

Yoane anatuambia kwamba tunaye Mtetezi mbele ya Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Alichukua kesi yetu tukiwa na hatia kweli, na deni akalilipa yeye mwenyewe. Aliyetetewa namna hiyo anawezaje kunyamaza mwenzake akionewa?

Tuombe. Baba, wafariji wajane na yatima wa wote waliouawa kwa ajili ya haki. Walinde mavoka na waamuzi waaminifu wa Maniema. Ondoa woga ndani yetu, utupe kinywa cha kusema na miguu ya kwenda. Kwa jina la Yesu. Amina.